Mwizi wa Wanasesere

Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu iletwe Isiolo, mashine ya gemu ilizimwa mchana kweupe na hakuna aliyelalamika.

Wote waliozoea kuigombania walikuwa nje ya duka la Abdinur wakipakia makatoni kwenye pikapu. Ndani yake mlikuwa na malori ya plastiki, mipira, wanasesere wa vitambaa, vinanda vya mdomo na ngoma ndogo za kopo. Lomorukai, dereva wa lori la Merti, alikuwa ameleta ngamia wa mti aliyemchonga mwenyewe. Shingo yake ilipinda upande, na wenzake walikuwa wamemcheka ngamia huyo wiki nzima.

"Abaayo, funga stoo," Abdinur alimwambia dada yake Isnino. "Yule mtu asije akarudi akatuachia makatoni matupu."

Watu wakacheka. Isnino naye akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe kama kikohozi, na kilipokwisha alijiona mchafu, akavuta shela yake mbele kana kwamba jua lilikuwa likimpiga usoni.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, binti pekee wa mama Khadijo. Katika mji mzima ni yeye na mtu mmoja tu waliojua kwamba stoo ile haikuwahi kuingiliwa na mwizi.

Mashine yenyewe ililetwa na Abdinur kutoka Nairobi mwanzoni mwa mwaka huo wa 1986, hoteli moja ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Ilikuja juu ya lori, imefungwa kamba katikati ya magunia ya sukari, ndefu kama kabati, ina kioo kama cha televisheni. Ukitumbukiza shilingi, anga jeusi linawaka, vyombo vinashuka kutoka juu, nawe unavipiga kwa kubonyeza kidude chekundu mpaka kidole kinakufa ganzi. Kwa wiki tatu vijana hawakulala vizuri. Wiki ya nne ikaharibika.

Fundi aliyeitwa alikuwa Jonah Lokwang, kijana wa Kiturkana aliyetengeneza redio katika duka la Anderson, karibu na soko. Alifungua mgongo wa mashine akashinda humo siku mbili, na alipoiwasha aliicheza kidogo ili kuijaribu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfikia. Mashine ilimpa mshindi nafasi ya kuandika herufi tatu za jina lake juu ya kioo, na kila asubuhi herufi zilikuwa zilezile, JLK.

Halafu siku moja zikawa ISN.

"Hii ni nini sasa?" Lomorukai aliuliza.

"Isiolo," mwingine akajibu. "Ameandika vibaya kwa haraka."

Walibishana hivyo huku Isnino akiwa nyuma ya kaunta akimpimia mteja sukari. Sukari ikamwagika mezani. Aliinua macho, akamkuta Jonah anamtazama. Hakutabasamu, alitazama tu, kama mtu aliyeuliza swali na yuko tayari kungoja jibu hata mwaka mzima.

Walipendana hivyo, katikati ya watu, bila kugunduliwa na mtu wala kugusana. Neno moja wakati wa kurudisha chenji. Neno moja wakati wa kuomba maji ya kunywa. Nyumbani, mama Khadijo alikuwa anazungumza habari za Dahir wa Garbatulla aliyetaka kumposa, mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa dini na wa ukoo unaofahamika. Isnino alikuwa akisikiliza huku akikunja nguo, akimjibu mama yake "Ndiyo, hooyo," na moyo wake ukiwa dukani.

Mambo ya hospitali aliyaanzisha Jonah. Alikwenda kutengeneza redio ya wodi ya watoto, akakuta wagonjwa wanavuta katoni la dawa kwa kamba, kila mmoja anangoja zamu yake. Aliporudi dukani hakucheza. Alisimama na mgongo wake kwenye mashine, akawaambia wenzake: "Sisi watu wazima tuna kitu ya kucheza, na wale watoto hawana. Tufanye mashindano mwezi wa nane. Mtu akitaka kuingia asilete shilingi. Alete kitu ya mtoto kuchezea." Na wote wakakubali, hata wale ambao hawakuwahi kupita chombo cha kumi. Vitu vikaanza kuja. Abdinur akatoa stoo, Isnino akapewa ufunguo.

Jumatatu moja, saa ya alasiri, Abdinur akiwa msikitini, Isnino alimwambia Jonah apitie nyuma. Alimwambia kuna mwanasesere aliyetoka jicho. Ni kweli alikuwapo, lakini hata asingekuwapo angemtafuta. Jonah alikaa juu ya gunia akashona kifungo cheusi mahali pa jicho, na alipomaliza alimpa mwanasesere, na katika kumpa, vidole vyao vikabaki pamoja. Hakuna kingine kilichotokea. Vidole vilibaki pamoja, na Isnino akasikia damu ikimpanda mpaka masikioni.

"Isnino," Jonah alisema, "mimi nataka kuja kwenu kwa njia ya mlango wa mbele."

Ndipo mlango ukafunguka. Abdinur alikuwa amesahau miwani yake.

"Mnafanya nini hapa?"

Isnino aliruka nyuma, mwanasesere akabaki mikononi mwa Jonah. Alimwona kaka yake mlangoni, akamwona na mama yake nyumbani, akaliona lori la Garbatulla la kumpeleka kwa Dahir, akaona midomo ya wanawake wa mtaa wa Bula Pesa. Yote hayo aliyaona kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akasema:

"Nimemkuta anatoa vitu, walaal. Anaiba."

Jonah alimtazama. Ni hilo tazamo ambalo Isnino alikuwa akiamka nalo kila siku tangu hapo. Halikuwa la hasira, lilikuwa la mtu aliyesikia vibaya na anangoja neno lirudiwe. Neno halikurudiwa. Basi akamlaza yule mwanasesere juu ya katoni, taratibu, akatoka. Abdinur alimfuata mpaka barazani na kumwita mwizi mbele ya watu wote wa gemu.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita. Anderson alimsimamisha kazi, maana nani atamletea mwizi redio yake? Sokoni alipewa jina, Mwizi wa Wanasesere. Waliompa walicheka, lakini hakuna aliyemsalimia.

*

Wodi ya watoto ilinuka dettol na uji. Watu wa gemu, ambao mbele ya mashine walipiga kelele kama wako mnadani, waliingia kwa kunyata, mikono nyuma, hawajui wasimame wapi. Ni watoto waliowaondolea haya. Ngamia wa Lomorukai aligombaniwa na vitanda vitatu, na dereva yule mkubwa akageuka dirishani, akajifanya anatazama pikapu.

"Huyo aliyepinda shingo ndiye wanayemtaka," sista Roda alimwambia. Roda ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. "Utachonga wengine?"

"Nitachonga kundi zima, sista."

Mama Khadijo aligawa wanasesere kwa mikono yake mwenyewe, akiombea kila mtoto. Abdinur alikuwa ameleta mpiga picha. Kila mtu alikuwa na furaha, na Isnino, aliyebeba katoni la mwisho, alijiona kama amekuja na ugonjwa ndani ya wodi.

Katoni lilipokwisha, yule mwanasesere wa jicho la kifungo alikuwa chini kabisa. Isnino alimpa mtoto wa kwanza aliyemwona bila kumtazama usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma kutafuta hewa.

Jonah alikuwa kwenye veranda, amekaa kwenye ngazi, koleo mkononi, na rundo la waya miguuni.

Isnino hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Amekonda, aliwaza. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri kama siku zote, lakini shingo ilikuwa imebaki mifupa ndani ya kola.

"Sogea kidogo," Jonah alisema bila kuinua kichwa. "Unanizibia mwanga."

Akasogea.

"Sikujua uko hapa."

"Niko hapa kila siku. Kazi sina." Alipinda waya ukawa gurudumu. "Huku habari ilikuwa haijafika. Sista Roda alipoisikia, aliniuliza mara moja tu, nikamwambia si kweli, akanionyesha mahali pa kukaa. Natengeneza magari."

"Jonah, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

"Mimi najua. Nataka kusikia ukilitaja."

Isnino alifungua mdomo. Nyuma yake, kupitia dirishani, alisikia mama yake akicheka na mtoto fulani. Akafunga mdomo.

Jonah akatikisa kichwa, kama fundi aliyegusa waya na kukuta hauna umeme.

"Siku ile," alisema, "nilipotoka stoo, nilitembea polepole. Nilikuwa nadhani utanifuata mpaka mlangoni useme, ngojeni, si hivyo. Hukuja. Nikasema, ameogopa, kesho atasema. Kesho ikapita. Nikasema, anatafuta nafasi nzuri. Siku ya tatu, ya nne, nilikuwa nakutafutia maneno, Isnino. Nalala nakutetea, naamka nakutetea. Siku ya nane nikachoka."

"Kwa nini hukujitetea wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo alipomtazama.

"Ningesema nini? Kwamba sikuja kuiba, nilikuja kushika mkono wa dada yake? Abdinur angenipiga, hiyo si kitu. Na wewe je? Ungelala wapi usiku huo?" Alirudi kwenye waya wake. "Nilifikiri, mwizi anasahaulika. Msichana akitajwa, hasahauliki. Nilifanya hesabu mbaya. Mama yangu anauza makaa pale Kambi Garba. Wateja wake wa miaka yote sasa wanapita mlango. Wanasema nyumba ya mwizi, hawajui makaa yametoka wapi."

Isnino hakuwa amejua habari ya mama yake Jonah. Katika siku zote kumi na mbili alikuwa amemlilia Jonah, na wakati mwingine, kusema kweli, alikuwa amejililia yeye mwenyewe. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mwanamke mahali fulani anakaa kando ya makaa yasiyonunuliwa.

"Watu wa Dahir wanakuja kuposa wiki ijayo," alisema kwa sauti ndogo, na papo hapo akaona aibu kwa kulisema, kana kwamba alikuwa akiomba kuhurumiwa yeye.

Koleo lilisimama.

"Utakubali?"

"Sijui."

"Basi mimi siwezi kukusaidia kujua," Jonah alisema. Akamalizia gurudumu la nne, akaliinua gari na kulizungusha mbele ya jua. Lilikuwa lori, na bodi yake ilikuwa na vyuma vya kusimamia turubai, na hata kioo cha pembeni kidogo, cha karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Akainuka, akapita kando yake bila kumgusa, akaingia wodini.

Isnino alimfuata.

Karibu na mlango palikuwa na kitanda cha msichana wa miaka sita hivi, jina lake Tiya, mguu wake umefungwa bandeji mpaka juu ya goti. Alipomwona Jonah alijiinua kwa viwiko.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Hata kioo iko. Ukirudi nyuma hugongi mtu."

Tiya alilipokea kwa mikono miwili. Alilivuta juu ya shuka, akaunguruma kwa mdomo kama lori likipanda mlima, akacheka. Mama yake, mwanamke wa Kiborana aliyekuwa akiosha kikombe, aligeuka kuona ni nani. Alimtazama Jonah, akamtazama mtu mmoja wa gemu aliyekuwa akimnong'onezea mwenzake, akarudi kumtazama Jonah.

"Kijana," alisema. "Wewe ndiye yule wanasema?"

Jonah alirudisha koleo mfukoni.

"Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mtoto wangu ni mgonjwa. Sitaki kitu ya wizi kwa kitanda yake. Italeta nuksi."

Na kwa upole kabisa, kidole kimoja kimoja, alimbandua mtoto wake kwenye lile gari na kulirudisha.

"Ni yangu!" Tiya alilia. "Ametengeneza yangu! Mama, ni yangu!"

Jonah alipokea. Alisema, "Pole, mama," akageuka na lori lake la waya mkononi, na njia yake ya kutokea ilipita mbele ya Isnino. Hakumtazama safari hii. Afadhali angemtazama.

Kilio cha Tiya kilijaa wodi yote. Mpiga picha aliteremsha kamera. Abdinur alikuwa tayari anakuja, kidevu juu.

"Nani amemruhusu huyu kuingia hapa? Hana hata haya! Anaiba vitu vya watoto halafu anakuja kuwatazama?"

"Walaal," Isnino alisema.

"Wewe kaa kando."

"Walaal, hakuiba."

Sauti ilikuwa ndogo. Lakini Roda aliisikia, na Lomorukai akaisikia, na Khadijo, aliyekuwa upande wa pili na mwanasesere mkononi, aliinua uso. Isnino aliona kwamba bado angeweza kurudi nyuma. Angeweza kusema labda hakuiba, labda nilikosea kuona. Kulikuwa na mlango mdogo wa kutorokea, na aliutazama, na akausikia mwili wake wote ukitaka kuuingia.

"Hakuiba kitu," alisema tena, kwa nguvu. "Nilidanganya. Mimi ndiye nilimwita stoo. Alikuja kushona jicho la mwanasesere kwa sababu nilimwomba, na nilimwomba kwa sababu nilitaka kuwa naye. Wewe ulipoingia niliogopa, nikamwita mwizi. Alinyamaza ili mimi nisiaibike. Na mimi nikamwacha anyamaze siku kumi na mbili."

Hakuna aliyesogea. Tiya pekee ndiye aliyekuwa na kwikwi ya kilio.

"Nyamaza," Abdinur alisema akiwa ameuma meno. "Twende nyumbani."

"Nampenda," Isnino alisema. Neno hilo lilitoka bila kuitwa, baada ya mengine yote, na likasikika dogo na la kuchelewa.

Abdinur alimshika mkono juu ya kiwiko. Ndipo sista Roda aliposimama kati yao, mwili wake mpana ukiwa kama pazia.

"Hapa ni wodi ya watoto," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Mwenye kupiga mtu, apige nje. Mwenye kupiga kelele, apige nje. Na wewe, mama Tiya, umesikia kama mimi nilivyosikia. Mpe mtoto gari yake."

Mama Tiya tayari alikuwa mlangoni akimwita kijana yule arudi.

*

Nje, Abdinur na Jonah walisimama kando ya pikapu, na watu wa gemu walisimama mbali kidogo wakijifanya wanafunga kamba. Isnino alikuwa ukutani na mama yake.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," Abdinur alisema. Alikuwa mtu mwenye kiburi, na maneno yalimtoka kama mawe. "Watu ndio hawa. Nasema mbele yao, hukuiba. Nilikosea."

"Nimesikia."

"Lakini dada yangu..."

"Sijakuomba dada yako," Jonah alisema.

Isnino alifumba macho. Alikuwa amedhani ukweli ukishasemwa utamwondolea mzigo. Ulimwondolea hofu tu. Mzigo ulibaki palepale, na sasa aliweza kuuona vizuri.

Pikapu iliondoka. Khadijo alikataa kupanda. Mama na binti walitembea kwa miguu, vumbi la barabara likiwafunika viatu.

"Kama ungeniambia ukweli siku ile," Khadijo alisema hatimaye, "ningekupiga."

"Najua, hooyo."

"Ningekupiga, tungelia, yangeisha. Ni hilo uliloogopa?"

"Niliogopa macho yako."

Khadijo alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na alimtazama binti yake kwa muda, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyeonyeshwa kitu nyumbani kwake ambacho hakutaka wageni wakione.

"Macho yangu," alisema. "Kumbe nina macho ya kumfanya mtoto wangu amwangamize mwana wa mtu." Akavuta pumzi. "Nisikilize vizuri. Mturkana, Mkristo, fundi wa redio. Mimi sikubali. Baba yako angekuwa hai asingekubali. Usije ukasema hooyo alilainika njiani. Nyumba yao iko wapi?"

"Hooyo?"

"Ana mama. Nyumba iko wapi?"

Waliuliza njia mara mbili. Akiru, mama yake Jonah, alikuwa mbele ya nyumba ya mabati, magunia ya makaa yamejaa nyuma yake, mikono yake myeusi mpaka viwikoni. Aliwaona wageni, akatambua nguo zao, akafikiri wamekuja kugomba. Hata hivyo alitoa viti viwili, akavifuta kwa upindo wa nguo yake, yeye akakaa juu ya debe.

Isnino hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama. Safari hii hakuna aliyemlazimisha na hakuna mtoto aliyelia, na kwa hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Alisema stoo, alisema mwanasesere, alisema neno lenyewe, anaiba. Akiru alisikiliza mpaka mwisho, akisugua kidole kimoja kwa kingine bila makaa kutoka.

"Mimi nilimuuliza," Akiru alisema. "Nilimuuliza, mwanangu, umeiba? Akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili." Sauti yake ilikatika. "Mara ya pili, unasikia? Mtoto niliyemzaa. Nikamuuliza kama ni kweli, na yeye akanitazama hivi, hakunijibu. Hilo ndilo umenifanyia. Makaa yatanunuliwa tu. Lakini mimi nilimuuliza mara ya pili."

Isnino alipiga magoti palepale kwenye vumbi la makaa. Khadijo, ambaye hakuwa amezoea kuomba kitu kwa mtu yeyote, aliinuka kitini, akachutama mbele ya Akiru, akamshika mikono ile myeusi.

"Mama mwenzangu," alisema. "Huyu nimemlea mimi. Aibu ni yangu pia."

Wanawake wawili walibaki hivyo mpaka Akiru alipojifuta macho kwa bega na kusema maji yapo ndani kama wanataka kunywa.

Jonah aliwakuta wakinywa. Alisimama kwenye ua wa miti, koleo mfukoni, akamwona Isnino na magoti yake meusi, akamwona Khadijo na kikombe cha bati mkononi.

"Salaam aleikum, mama," alisema.

Khadijo alizungusha maji yaliyobaki kikombeni.

"Aleikum salaam," Khadijo alijibu.

Jonah akamgeukia Isnino. Uso wake ulikuwa umechoka, na Isnino hakuona humo kitu cha kushikilia.

"Anderson anafungua Jumatatu saa mbili," alisema. "Mimi nikimwambia, ataniona natafuta kazi tu. Utakuja umwambie?"

"Nitakuja."

"Kuna na wale wa sokoni. Mwenye butchery. Yule wa maziwa. Ni wengi."

"Nitakwenda kwa wote. Mmoja mmoja."

"Watakusema."

"Waseme."

Khadijo aliweka kikombe chini, akajitengeneza shela.

"Haendi peke yake," alisema, bila kumtazama yeyote. "Nitakuwa naye."

Waliaga. Isnino alitembea nyuma ya mama yake, kichwa chini, na hakuruhusu moyo wake ufikirie jambo lolote zaidi ya Jumatatu saa mbili, mlango wa Anderson, na sentensi ya kwanza atakayoisema. Hakuomba zaidi. Alijua hana haki ya kuomba zaidi.

Lakini walipofika pale njia inapopinda kuelekea barabara kubwa, alishindwa, akageuka. Akiru alikuwa ameingia ndani. Jonah hakuwa ameingia. Alikuwa bado amesimama kwenye ua, mkono mmoja juu ya mti, anawatazama wakienda.

"Tembea," mama yake alisema, mbele. Na baada ya hatua chache, kwa sauti nyingine kabisa: "Bado amesimama?"

"Ndiyo, hooyo."

Khadijo alipunguza mwendo.